Nishani na Kahawa ya Shangazi

Tangu utotoni mimi ni mtu wa kuuliza, na baba yangu alipovishwa nishani Ikulu nilipata maswali ya kunitosha mwezi mzima. Ni ya shaba kweli au imepakwa rangi? Inaruhusiwa kuvaliwa harusini? Mtu akifa anazikwa nayo, au wanakuja kuidai? Mama aliniambia nimwache mzee apumzike, kwamba nimeajiriwa kufundisha sekondari na si kupeleleza. Tata, kama tunavyomwita kwa Kihaya, alikuwa ameketi sebuleni kwake Bukoba mjini, kiboksi cha nishani kikiwa mapajani. Nikamuuliza anataka nani aione kwanza.

"Dada yangu," alisema.

Mama aliacha kukunja nguo. 

Tata alikuwa bwana shamba wilayani Muleba hadi alipostaafu. Mnyauko wa migomba ulipoingia vijijini, yeye ndiye aliyezunguka na pikipiki akiwaambia watu wakate migomba, wang'oe mashina, wakae misimu kadhaa bila kupanda mingine mahali pale. Mtu wa mbali anaweza kuliona hilo ni ushauri wa kawaida wa kilimo. Lakini kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ndicho kinachotulisha na kutupa pombe, na ndimo tunamowazika wazazi wetu, kivulini. Watu walimsikiliza Tata kwa heshima zote, wakamkaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na alipoondoka wakaendelea na yao.

Basi akaamua kuanzia kwao. Kibanja walichoachiwa na wazazi kilikuwa mikononi mwa dada yake mkubwa, Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuolewa na aliujua kila mgomba kwa ukoo wake. Siku hiyo Shangazi alikuwa amekwenda Kashozi kwenye nadhiri za utawa za binti wa ndugu yetu. Tata alifika na vijana wenye mapanga na majembe. Aliporudi jioni, Shangazi aliona paa la nyumba yake akiwa bado barabarani, kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani. Kando ya nyumba aliyaona makaburi ya baba na mama yake, yako wazi, kila mpita njia anayaona. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya migomba iliyolala chini akiwa bado na nguo zake za sherehe, akaingia ndani, akafunga mlango.

Baada ya hapo vijiji vilikata. Ugonjwa ukapungua, miche safi ikapandwa, Tata akaanza kuitwa kwenye mikutano. Shangazi alikosa ndizi, akala ugali msimu baada ya msimu, na kwa Mhaya wa umri wake kula ugali kila siku ni karibu sawa na kuugua.

Halafu kuna suala la kikapu. Kwetu mgeni akifika anapewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, zikiletwa kwenye kikapu kidogo. Usipopewa, umeshaambiwa uende zako, ingawa hakuna aliyefungua mdomo. Tangu migomba ilipokatwa, Tata alipokwenda kule kwenye misiba na maombi ya familia, Shangazi alimsalimia vizuri, akampa kiti, akampakulia chakula. Kikapu kilipozungushwa kilimruka. Miaka yote hiyo nilimtazama akifanya hivyo, nikashangaa mtu anawezaje kumruka mwenzake kwa upole kiasi kile.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mimi nikiendesha. Mama alikataa kuja. Alisema ugomvi ni wa wawili na yeye hayumo. Tata alivaa suti, nishani kifuani, na njia nzima alikuwa akiigusa kama mtu anayehakikisha funguo hazijaanguka. Trafiki aliyetusimamisha aliitazama nishani, akanitazama mimi, akaturuhusu tupite bila kudai leseni. Hapo nikapata jibu la swali ambalo sikuwa nimeuliza: nishani ina kazi yake.

Nyumba ya Shangazi haionekani tena kutoka barabarani. Migomba mipya imekua mirefu, na ukiingia kibanjani unasikia ubaridi. Tulimkuta anapunguza majani makavu, panga mkononi. Alimtazama mdogo wake kuanzia viatu hadi kifuani.

"Umependeza," alisema. "Karibuni ndani, waitu."

Walizungumza Kihaya, ambamo "waitu" ni "wetu", neno la heshima na upendo, nami ninaandika Kiswahili nikijua kuna kinachopungua. Tuliketi sebuleni, ambako bado anatandaza nyasi sakafuni kama zamani. Kikapu kikaja. Alinipa mimi, akajichukulia buni yake, akakiweka juu ya meza. Tata alikuwa ameshanyoosha mkono kidogo. Aliurudisha magotini.

Nilishindwa kuvumilia. "Shangazi, huyu mtu ametoka Ikulu!"

"Kwani huko Ikulu hawakumpa kahawa?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Alimgeukia Tata. "Hebu niambie, mwana waitu, hicho wamekupa kwa kazi gani?"

Nilisogea mbele. Nilikuwa nimeyasikia maneno yaliyosomwa siku ile ya sherehe, marefu, ya kupendeza, na nilidhani atayarudia. Tata aliitazama nishani.

"Kwa kukata migomba yako," alisema.

Akaifungua kifuani, akaiweka ndani ya kikapu juu ya kahawa. "Unajua nilivyozunguka bila kusikilizwa. Watu walipopita hapa wakaona makaburi ya wazazi wetu yamebaki juani, ndipo walipokwenda kuchukua mapanga yao. Mimi nilikuwa nasema tu. Wewe ndiye uliyetoa."

"Sikutoa. Ulichukua."

"Nilichukua," alisema Tata.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Miaka yote nilidhani hasira ya Shangazi ni ya migomba, au ya ugali. Nilikuwa nimeuliza kila kitu katika familia ile isipokuwa hilo.

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa. Ningelia, ningekufukuza, na kesho yake ningewaita hao vijana mwenyewe. Mimi si mjinga. Niliona jinsi ilivyokuwa inakufa. Nilitaka niwaambie baba na mama kwanza, kwamba tunawaondolea kivuli na kwa nini. Nilirudi nikawakuta wameshafunuliwa, na mimi ndiye niliyeachiwa kuwatunza."

Tata alijifunika uso kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi. Nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia Shangazi, kisha nikamtazama Shangazi na hasira yote ikaisha. "Nisamehe, dada," alisema Tata kutoka nyuma ya viganja. "Nisamehe sana."

Shangazi aliendelea kutafuna polepole. Halafu alisimama, akaitoa nishani kikapuni, akaifuta kwa upindo wa kanga yake. "Sasa inanuka kahawa," alisema, akaiweka kando. Alichagua buni moja, akaipasua kwa meno. Ndani zilikuwamo mbegu mbili zilizobanana, kama kawaida. Moja aliitia kinywani mwake. Nyingine aliiweka kwenye kiganja cha mdogo wake, akamkunja vidole.

Watu wa zamani walikuwa wakifanya hivyo kufunga udugu kati ya wasio ndugu. Hawa wawili walitoka tumbo moja, nami nilitamani kuuliza kama inaruhusiwa. Niliona afadhali niendelee kutafuna yangu.

Walikwenda makaburini wenyewe. Kutoka mlangoni niliwaona migongo tu, nikasikia sauti ya Shangazi ikieleza kitu kwa urefu, mkono ukionyesha migomba, mara ukimwonyesha Tata. Sikusikia maneno. Waliporudi, Shangazi alichukua nishani akambandika Tata kifuani mwenyewe, ikakaa upande. Nilitaka kuinyoosha, Tata akanizuia mkono.

Kisha Shangazi akatusindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa amemfanyia Tata tangu siku ile ya mapanga. Jirani mmoja alikuwa anapita na baiskeli yenye mkungu wa ndizi nyuma. Shangazi alimsimamisha.

"Njoo umwone ndugu yangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya pili. "Ndiye yule aliyenilisha ugali."

Jirani akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akampa Tata mkono. Tata alisimama wima kuliko alivyosimama kwenye picha ya Ikulu, nishani ikiwa upande, shavu moja limetuna kidogo kwa mbegu ile ya kahawa ambayo alikuwa bado hajaimeza.