Siku Niliyowaambia Wazee wa Msalato Waanze Upya

Naona haya kuisimulia habari hii, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini watu wazima wa Msalato wananiita Bwana Togwa, na kwa kuwa wawili kati yenu mmenunua kamera juzi na mnataka kuishi kwa kazi hii ya video, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuwasikia wao, maana wao huongeza chumvi (kwa mfano, si kweli kwamba nililia, lile lilikuwa jasho).

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na maduka ya mtaa wetu wa Chang'ombe ambayo zamani watu walipanga foleni ya sabuni sasa yamejaza redio kaseti mpaka barazani. Mimi nilikuwa fundi redio. Mjomba wangu, aliyekuwa akifuata bidhaa Uarabuni, akaniletea kamera ya video, na si kama hizi zenu zinazoingia mfukoni: ile ilibebwa begani kama mzinga wa nyuki, ilimeza kaseti nzima ya deki, na betri yake, nzito kama tofali, haikufikisha saa moja. Nilikuwa nimepiga harusi mbili za majirani na tayari nikawa najiita mtaalamu. Mtu akianza kujiita mtaalamu kaeni naye mbali. Au kaeni karibu, mtapata cha kusimulia.

Basi akaja Yohana, fundi magari wa mtaa wa Kikuyu, kijana mpole, mikono haikosi grisi hata Jumapili.

"Idi ndugu yangu," akasema, "Jumamosi wazee wangu wanapeleka mahari Msalato, kwa kina Neema. Mama yuko Mpwapwa, miguu imegoma, hawezi kusafiri. Amesema anataka kumwona binti akiulizwa na kuitikia kwa kinywa chake. Mengine yote ukikosa nitakusamehe. Hilo usikose."

"Hilo?" nikamjibu. "Hilo hesabu umeshalipata."

Na hapo ndipo mngenishika mkono. Mtu akikuambia anataka kitu kimoja, kaa chini umuulize kitu hicho kinatokea saa ngapi, wapi, nani anaanza kusema na nani anafuata. Mimi sikuuliza. Mtoto wa Chang'ombe, mila za Wagogo nilizijua kwa ngoma tu, lakini nikaona aibu kuonekana sijui.

Jumamosi nikafika mapema. Nikasalimia, "Mbukwenyi!" kwa lafudhi iliyowachekesha akina mama wote waliokuwa uani wakijaza beseni kubwa togwa ya kuwanywesha wakwe, kisha shikamoo kwa kila mwenye mvi, na shangazi yake Neema, Mama Eliza, akaniruhusu niingie chumbani nipige binti akivishwa. Neema alikuwa amekaa kitandani, kanga mpya, amekumbatia Biblia, na ndani ya Biblia ncha ya bahasha imechungulia.

"Kaka," akaniuliza, "hiyo inashika sura tu au na maneno?"

"Na maneno. Unaona hiki kitaa chekundu hapa mbele? Kikiwaka, kila unachosema kimeingia, hakitoki."

"Hakitoki kabisa?"

"Wajukuu zako watakisikia."

Akakitazama kile kitaa kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. Nilipotoka, Mama Eliza akanifuata hadi mlangoni akaninong'oneza habari ya bahasha. Neema ameitwa chuo cha ualimu. Baba yake alishafariki, anayemlea ni baba yake mkubwa, Mzee Ndahani, na mzee amesema chuo hakikimbii, posa ndiyo inayokimbia, kwa hiyo ataolewa mwezi huohuo na barua ikae.

"Na Yohana anasemaje?"

"Nani amwambie? Tangu barua ije hawajaruhusiwa kuonana."

Nikasikitika, nikasema moyoni, haya si ya mpiga picha. Nikaenda uani.

Sasa sikilizeni, maana kosa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya uwele. Wageni walipoingia, salamu zikaanza, na salamu za wazee wale hazina haraka: mvua, mtama, ng'ombe, ukoo, mvua tena. Nikaona nitamaliza kaseti na betri bure, kwa hiyo nikaisimamisha kamera. Sikuizima, niliisimamisha tu, ili nikibonyeza iendelee. Nisilolijua ni kwamba mashine zile ukiziacha zimesimama dakika chache zinajizima zenyewe, zinaulinda utepe usichakae. Na kwa kuwa jasho lilikuwa limetia ukungu kile kioo cha kuchungulia, nikaamua kutazama kwa macho yangu, juu ya kamera, kama mtaalamu.

Mama Eliza akamtoa Neema. Nikabonyeza.

"Neema," akasema Mzee Ndahani, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Mali zao tupokee?"

Neema akainua uso akanitazama mimi, moja kwa moja kwenye kamera (nikafurahi, nikasema binti huyu ameumbiwa video), kisha akainamisha macho.

"Pokeeni."

Vigelegele! Nami nikafuta kioo, nikachungulia nione raha niliyoikamata. Giza. Nikatikisa kamera. Giza totoro, kama kisima cha usiku.

Nikamwona mama wa Mpwapwa kitandani anasubiri, nikamwona Yohana akiniambia hilo usikose, nikajiona mwenyewe nimerudi kwenye kuchomelea redio. Jambo la busara lilikuwa kumwita mshenga pembeni nimwambie polepole. Mimi nikapaza sauti katikati ya vigelegele:

"Samahanini wazee! Naomba tuanze upya!"

Vigelegele vikakatika kama vilivyopigwa panga. Mshenga wa kina Yohana, mzee mrefu mwenye koti la suti, akageuka taratibu.

"Kijana, hapa si mpira useme tupige penalti tena."

Nikaeleza, nikizidi kujichimbia: mashine, utepe, betri, ukungu. Yohana akamnong'oneza mshenga habari ya mama yake. Mshenga akamwendea Mzee Ndahani, wakateta Kigogo, na nilimwona Mzee Ndahani akitikisa kichwa mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mwishowe akasimama.

"Kwa ajili ya mama aliye kitandani, nakubali. Lakini mjue. Swali likiulizwa mara ya pili, jibu la kwanza limekufa. Mali irudi kwa wageni, binti arudi ndani, tuanze upya kama alivyotaka bwana huyu."

Basi blanketi zikakunjwa, vitenge vikarudishwa kwenye sanduku, mbuzi wakaswagwa nje ya boma (mmoja aligoma, akavutwa kwa masikio), na kila aliyebeba kitu alipita mbele yangu akanitazama. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona, maadamu tunarudia, turudie vizuri. "Mzee sogea kidogo, jua likae mgongoni mwangu. Akina mama, vigelegele vianze hapa, si kule." Nikawa narudi nyuma nipate watu wote ndani ya picha, hatua moja, mbili, tatu, nne.

Ya tano ilikuwa beseni la togwa.

Nilikaa, mabwana. Nilikaa ndani yake kama mfalme kitini, togwa ikapanda hadi kiunoni, ubaridi wake nausikia mpaka leo. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Bibi mmoja akasema, "Hiyo ilikuwa ya wakwe!" Lakini begani kamera ilikuwa kavu, na wakati naanza kujinyanyua nikamwona Mama Eliza anamtoa Neema mlangoni. Ningesimama, ningemkosa mara ya pili.

Nikabaki ndani ya beseni. Nikachungulia, picha ipo. Nikainamisha shingo kutazama mbele, kitaa chekundu kinawaka.

"Neema," akasema Mzee Ndahani huku akijikaza asinitazame, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Mali zao tupokee?"

Akainua uso kama mara ya kwanza, akaitazama kamera. Safari hii hakuinamisha macho.

"Pokeeni, baba. Nampenda Yohana, pokeeni. Ila nimeitwa chuo cha ualimu, na barua hii hapa." Akaichomoa kwenye kanga. "Naomba nisome nimalize, ndipo harusi ifungwe. Kama haiwezekani, mali zao zirudi kwa heshima, wala sina kinyongo na mtu."

Watu wote wakasema kwa pamoja.

"Ulishaitikia!" Mzee Ndahani akafoka.

"Kaka," Mama Eliza akadakia, "si wewe uliyesema jibu la kwanza limekufa?"

"Huyu mwenye mashine ndiye aliyetuletea haya!" mshenga akaninyooshea kidole. Na mimi niko ndani ya beseni, siwezi kukimbia, siwezi hata kusimama kwa adabu.

Hapo Yohana akainuka, naye siku ile hakupaswa kufungua kinywa. "Barua hiyo sikuijua," akasema. "Aende. Nitasubiri."

"Kaa chini, wewe husemi!" mshenga akamvuta shati.

"Nimeshasema, mzee."

Mzee Ndahani akachukua fimbo yake, akaja kwangu polepole. Nikafumba jicho moja, lile la nje. Jicho la kamera nikaliacha wazi (hili ndilo peke yake ninalojivunia kwa siku ile yote). Akainama hadi uso wake ukajaa kioo chote.

"Hiyo imeandika?"

"Imeandika, mzee."

"Na mimi nikifoka?"

"Na wewe ukifoka. Na sauti."

"Wataona Mpwapwa?"

"Wataona, mzee. Na yeyote mwenye deki."

Akapapasa kichwa chake. "Sikuvaa kofia," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akajinyoosha, akakohoa. "Hebu turudie, nivae kofia, nijibu vizuri kama mtu mzima."

Sijui neno lile lilinitoka wapi. "Haiwezekani, mzee. Swali likiulizwa tena, jibu la kwanza linakufa."

Akanitazama. Akalitazama beseni. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani sasa fimbo, kumbe anacheka, na alipocheka yeye ua mzima ukacheka, hata mshenga akatoa leso akajifuta macho. Mzee Ndahani akageukia wageni, bila kofia, akasema, "Tumepokea. Binti asome. Atakayeuliza nani alikubali, aambiwe ni mimi, na imeandikwa."

Vigelegele vilianza mahali nilipotaka vianze.

Mpwapwa tulikwenda wiki iliyofuata, na televisheni na deki na betri ya gari kutoka gereji ya Yohana. Mama yake aliitazama kaseti mara tatu. Na jueni kitu: kwa kuwa nilipiga kutoka chini, beseni halikunipa nafasi nyingine, Neema alionekana mrefu, mbingu yote nyuma yake, kama mtu anayehutubia taifa. Ningesimama ningepata binti ameinama mbele ya wazee. Tangu siku hiyo, nikitaka mtu aonekane mkubwa, napiga magoti (magoti, si makalio). Mama akasema, "Huyu ana kinywa. Mwanangu hatapotea."

Habari ikafika mjini kabla yangu. Nilidhani nimekwisha, kumbe watu wakaanza kuja Chang'ombe wanamuuliza "yule wa togwa, yule asiyeshusha kamera," na kwa miaka mingi sikukosa kazi Jumamosi hata moja. Nikaandikisha kibao: TOGWA VIDEO. Neema alimaliza chuo, Yohana alisubiri kama alivyosema, na harusi niliipiga mimi, nimesimama, mkavu.

Basi kiapo changu ni hiki: maneno yanayofunga watu, yale ya kuulizwa na kuitikia, sitamwomba tena mtu ayarudie. Nitauliza mapema yanakuja lini, betri mpya nitaiweka dakika kumi kabla, na jicho litakuwa kwenye kioo. Ninyi mnaoanza, msiogope kuonekana hamjui. Mimi niliogopa hilo, nikaishia kukaa kwenye kinywaji cha wakwe.

Lakini lipo moja sijamwambia mtu. Mwaka fulani Mwalimu Neema, mwalimu mkuu sasa, aliniita shuleni kwake nipige mahafali, akanisimamisha mbele ya wanafunzi wote. "Mnamwona huyu?" akawaambia. "Mara ya kwanza nilipoulizwa nilikuwa nimejiandaa kusema. Nikatazama kitaa, hakiwaki, nikajua maneno yangu yataishia palepale uani, nikasema pokeeni tu. Yeye akaniona usoni, akaelewa. Akajitia ameharibikiwa na mashine, akawaambia wazee waanze upya, akakubali kuchekwa. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi mpaka mabati yakalia. Ningemwambia nini? Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtu aliyeelewa kila kitu, na nikiwa nimekiinamisha hivyohivyo, nikachungulia mbele ya kamera. Kitaa kilikuwa kinawaka.