Bei Niliyoishusha Kaplong

Asubuhi ile ya Januari naikumbuka hata leo, mwanangu, na si kwa fahari. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nina mke na watoto wawili, na mvua ikinyesha barabara ya kwetu Sigowet huwa kama imepakwa sabuni. Nilihitaji gari la kusimama juu kidogo, SUV ya ukubwa wa kati, iliyotumika lakini ambayo haijachoka.

Shuleni sikufika mbali; niliyoyajua niliyapata kwa kusoma mwenyewe na kuandika. Miezi mingi niliandika bei za magari katika daftari, nikagundua jambo. Oktoba, wakulima wakilipwa bonasi ya majani chai, kila mtu anataka gari na bei hupanda. Januari, karo ikibisha hodi, wenye magari ndio hutafuta wanunuzi. Basi nikangoja Januari. Sikujiambia kwamba nilichokuwa nikingoja ni shida za watu.

Nilimchukua mjomba wangu, kaka ya mama, aliyeendesha lori la majani chai mpaka akastaafu. Yeye ndiye aliyenifundisha injini. Alipoona orodha yangu ya maswali akacheka.

"Wewe unaenda kununua gari ama unaenda kuposa? Hata wazee wakienda kuposa hawaulizi mengi hivi."

Gari nililosikia linauzwa lilikuwa Kaplong. Huko tulipokewa na mwenye nyumba, Mama Chelangat, akatupa chai kabla ya lolote. Gari lilikuwa la mumewe. Mumewe alikuwa hospitalini akingoja upasuaji, ameshatia sahihi karatasi zote akiwa kitandani, na pesa zilitakiwa kesho yake asubuhi. Mama yule hakuficha kitu. Alisema yeye mambo ya injini hayajui, tuangalie wenyewe.

Tukaangalia. Injini ilikuwa baridi, na ikawaka mara moja. Moshi haukuwa na rangi. Nililala chini nikatazama chasi, nikalinganisha namba zake na za kitabu cha gari, zikakubaliana. Kasoro ilikuwa moja tu, oili kidogo iliyolowesha juu ya injini. Mjomba aliigusa kwa kidole akaninong'oneza, "Hii ni gasketi tu. Fundi anabadilisha kabla ya saa sita, kwa bei ya kuku wawili."

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Nilimgeukia yule mama na uso wa daktari.

"Mama, injini hii inavuja. Itabidi ifunguliwe yote."

Akaitazama ile oili kama mtu anayetazama jeraha la mtoto. "Sasa itakuwaje?"

"Labda upunguze robo ya bei. Ama ungoje mnunuzi mwingine."

Nilijua hawezi kungoja. Akajifuta mikono kwenye leso. "Sawa, baba. Kongoi. Asante kwa kuniambia ukweli, mimi ningejuaje?"

Mjomba alikuwa akifuta ile oili kidoleni. Nikalipa, tukaondoka na gari, mimi nikipiga mluzi. Hatukuwa tumefika mbali, mashamba ya chai yakiwa bado pande zote mbili za barabara, akasema, "Simamisha."

"Kuna nini, Mjomba?"

"Nishuke."

"Lakini nyumbani bado ni mbali sana."

"Najua ni mbali. Barabara hii nimeiendesha kabla hujazaliwa." Alishuka, akaushika mlango. "Nilikufundisha injini usidanganywe. Sikukufundisha udanganye. Na mimi nimenyamaza pale kama mjinga, kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu. Aibu hii ni yetu wawili."

Akaufunga mlango polepole, bila hasira, akaanza kutembea. Nilimfuata mwendo wa mguu, nikimsihi. Hakugeuka.

Usiku ule sikula. Kesho yake nilirudi Kaplong na ile robo niliyoipunguza. Mama Chelangat alikuwa ameshaenda hospitalini. Nilimkuta mama mkwe wake, bibi mzee, ameketi mlangoni.

"Pesa za gari hazikutosha," aliniambia. "Jana jioni tukauza ng'ombe. Alikuwa na mimba ya miezi saba."

"Amenunuliwa na nani, bibi?"

"Mtu wa lori. Ameshakwenda naye."

Nilimkabidhi zile pesa nikamweleza uongo wangu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na maziwa ya watoto, hayo utayarudisha aje?"

Swali hilo, mwanangu, ninalo mpaka leo. Yule mgonjwa alipona, namshukuru Mungu. Ng'ombe hakupatikana tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Mjomba nilimwomba msamaha akanisamehe, lakini gari lile hakulipanda tena mpaka tulipomzika.

Kwa hiyo, ukienda kununua gari, kagua. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, linganisha namba, lala kwenye vumbi bila kuona haya. Kutafuta bei nzuri si dhambi. Lakini kasoro utakayoiona itaje kwa uzito wake, usiiongezee hata chembe. Ukijua jambo asilolijua mwenzako, ujuzi huo ni amana, kama mtoto wa jirani uliyeachiwa umtunze. Na ukiona bei iko chini, uliza imeshushwa na gari lenyewe au na msiba wa mwenye gari. Ikiwa ni msiba, lipa thamani ya gari. Lipa siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake waweza kukuta umechelewa, kama nilivyochelewa mimi. Watu husema kufa kufaana. Wewe usiwe wa kufaidika. Bei nzuri ni ile ambayo, ukikutana sokoni na aliyekuuzia, hutavuka barabara kumkwepa.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe mkono mwepesi wa kutoa na ulimi mzito wa kudanganya. Watoto wako wapande gari ulilolinunua kwa haki, na waliokuuzia, kila wakikutaja, wakutaje kwa baraka.