Mwalimu Aliyepimwa kwa Macho

Saa nne asubuhi, Ijumbi, Muleba. Madirisha ya darasa yamezibwa kwa mablanketi. Mwalimu Kokushubila anadondosha chumvi kwenye mwali wa taa ya spiriti, kisha anapitisha boksi la viatu lenye tundu jembamba. Ndani yake kuna kipande cha kioo kinachotawanya mwanga kwa rangi, alichokitoa kwenye darubini ya askari, iliyookotwa baada ya vita vya Kagera.

"Mnaona nini?"

"Mstari wa njano, Mwalimu!"

"Hiyo chumvi inajitaja. Nyota nazo hujitaja hivyohivyo."

Mwaka huu, 1993, kidato hiki cha tatu kilianza na wanafunzi 42. Leo wapo 19. Wengine wamekatazwa na wazazi kushika boksi aliloshika mwalimu.

Mumewe, Nathanael, alizikwa miaka mitatu iliyopita. Mwalimu naye amekonda, basi kijiji kimekwisha kuamua: Juliana, yaani ukimwi kwa jina la huku. Jumamosi kikao cha wazazi kitaamua kama aondoke.

Kisimani hakuna siri. "Mkono umebaki kijiti cha maharage," anasema mama mmoja, na ndoo zinasahaulika kwa kicheko.

Mzee Protase, mwenyekiti wa wazazi, hazunguki maneno. "Waitu, ndugu zangu, mke wa marehemu umpime nini tena? Si unamwona!"

Darasani, Kokushubila anachora maduara mawili, moja amelijaza chaki, jingine tupu.

"Shimo jeusi halionekani. Tunaona nyota mwenzake tu, inavyoyumba. Gesi yake inanyonywa, inachemka, inatoa eksrei. Nyota ikija kwetu, mistari yake inasogea upande wa bluu. Ikienda, upande wa nyekundu. Wataalamu wanapima wiki baada ya wiki, ndipo wapige hesabu ya uzito wa yule asiyeonekana. Uzito huo usipozidi wa majua matatu, hawathubutu kusema ni shimo jeusi."

Anaweka chaki chini. "Hapa Ijumbi wanathubutu."

Alikwishapimwa Bukoba, mwezi wa pili. Majibu anayajua yeye na daktari.

"Nikiitoa karatasi ya majibu," anajiambia, "kesho watadai ya kila mjane. Sitoi."

Aroni, wa dawati la mbele, ananyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo nyota iliyobaki, nayo itaisha?"

Mwalimu anaokota chaki.

"Bado inawaka, Aroni. Andika."

Anachotaka ni kuwafikisha hawa kumi na tisa kwenye mtihani wa mwakani. Jumamosi ataingia kikaoni na taa, chumvi na boksi lake, amkabidhi kila mzazi achungulie kabla ya kunyoosha mkono kupiga kura.

"Wakiogopa kulishika," anawaambia wanafunzi, akikunja mablanketi, "nitajua hawakuja kikaoni. Wamekuja matangani kwangu, na mimi bado hai, nimesimama."