Picha Iliyosemekana Imeungua

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Simaloi Lesikar anavuta kiti mbele ya kompyuta ya dirishani, kwenye duka la intaneti Kaloleni, Arusha, na kufungua daftari lake.

"Dada Simaloi, leo unawinda nini?" anauliza Gadiel, mhudumu.

"Walewale. Wapiga picha wa watu na nyota."

"Wenzio wanatafuta wachumba huku, wewe nyota!"

Simaloi hacheki. Ana miaka ishirini na sita, anapiga picha za harusi na kipaimara, na shule aliishia darasa la saba. Kiingereza cha tovuti hakisomi, anasoma picha. Tovuti ikimgusa, ananakili anuani yake herufi kwa herufi, kisha anamwomba Gadiel amtafutie nyingine zinazofanana nayo. Saa moja ni shilingi elfu moja. Amefikisha tovuti kumi na saba.

Alianza akitaka kujifunza tu. Ya tisa ndiyo iliyomnyang'anya usingizi.

Ilikuwa na picha ya anga jeusi, nyota zimejichora kama nyuzi, na chini yake mtu amesimama, kivuli kitupu.

"Niliisogelea skrini," anasema. "Nikajiambia, mbona hii ninayo? Yaani, nilikuwa nayo."

Mwaka 2001, miaka mitatu iliyopita, kwao kijijini Oldonyo Sambu, aliiweka kamera yake kuukuu ya Zenit juu ya jiwe, akaiacha lenzi wazi nusu saa kuuelekea Mlima Meru, nyota zijichore zinavyosogea. Baba yake, mzee Lesikar, hakupenda kupigwa picha. "Sura yangu ng'ombe wanaijua, yatosha," alizoea kusema. Usiku ule alikubali, mradi aipe kamera mgongo. Akasimama langoni mwa zizi, ameegemea fimbo, bila kutikisika, kama wachungaji wanavyojua kusimama.

Mjini, msafisha picha Aminiel alitoa jibu analompa kila mwenye filamu iliyoharibika.

"Zimeungua kwa mwanga, dada. Michirizi mitupu. Nitupe?"

"Tupa," akasema Simaloi.

Miezi minne baadaye mzee akafariki. Hakuacha picha nyingine.

"Mimi nyota nazijua ni nukta," anasema Aminiel leo, akitazama chini. "Ningejuaje michirizi ndiyo nyota zenyewe?"

Bahati ni kwamba Aminiel hatupi mbali. Negativu zilizoungua huzitia kwenye magunia, stoo. Yako matano. Simaloi amepekua mawili, ukanda kwa ukanda, akiuinua kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye negativu cheusi huwa cheupe, nacho cheupe huwa cheusi: anga litakuwa jeupe, nyota michirizi myeusi. Kwa hiyo kila Jumamosi anatafuta tovuti nyingine, ayazoeze macho yake kitu atakachokutana nacho.

Na asipoipata?

Analifunga daftari lake. "Nitakuwa nimemzika mara mbili."

Mama yake, Namnyaki, hajui lolote. "Hajawahi kuniuliza habari ya picha," anasema Simaloi. "Nikiipata nitaisafisha kubwa, nimpelekee. Ndiyo siku nitakayomwambia niliwahi kuitupa."