Mimba Iliyotafutiwa Mwenye Kosa

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kupulizia mikorosho dawa, kijijini kwetu Makote, nikiwa msichana aliyemaliza shule karibuni. Dada yangu Zuhura alikuwa chumbani kwa mama. Mimba yake ya tatu ilikuwa imeharibika, kama zile mbili za kwanza.

Mwanangu, yakupasa kuijua desturi ilivyokuwa, na kwingine ingalipo. Mimba zikiharibika mfululizo, wazee walisema mke ametoka nje ya ndoa, na kwamba tumbo halitashika mpaka amtaje mwanamume aliyekwenda naye. Basi wakamketisha Zuhura angali akivuja damu. Mama mkubwa, aliyeongoza kikao, hakuwa mkatili. Aliamini kwamba anamponya, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake.

"Mkorosho unaopukutisha maua hutafutiwa mdudu," alimwambia. "Taja, mwanangu, tukuoshe."

Zuhura aliapa kwamba hakumjua mwanamume ila Bakari, mumewe. Mmoja wa wanawake akacheka, akasema hata mwizi huapa, na kuku yu kwapani. Wakamrudia tena na tena. Jua lilipanda, wala hakupewa hata uji. Kutoka shambani ilisikika mashine ya Issa, kijana aliyekodiwa kutupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho. Zuhura akageuza uso ukutani.

"Issa," alisema.

Wakamwacha alale. Mashine iliendelea kuunguruma. Mwenye jina hakujua kwamba ameshahukumiwa.

Bibi yetu alifika alasiri kutoka Newala, akawakuta wametulia kama watu waliomaliza kazi. Tulimpa shikamoo, hakuitikia. Alipoelezwa, alimtazama Zuhura, kisha akamgeukia mama mkubwa, binti yake wa kuzaa.

"Jina mmelipata," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Bakari alitoa talaka, mjomba wetu, mwenye kauli juu ya ndoa zetu, akairidhia. Issa alihama, na mchumba wake akaolewa na mwingine. Zuhura alilikana jina lile mwaka hata mwaka, wakamjibu kwa methali: lisemwalo lipo. Mwanangu, jihadhari na methali mdomoni mwa mtu asiyetaka kufikiri. Homa ilimchukua dada yangu akiwa bado mzinzi machoni pa watu.

Bakari alioa tena, katika kijiji cha Chiwata. Mke huyo naye mimba zikawa zinaharibika. Safari hii mkunga aliwapeleka kwa daktari, daktari akataka damu ya wote wawili, mke na mume, na sampuli zikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yalipotoka, Bakari alikuja kwetu mwenyewe, kofia mkononi, akatueleza kama alivyoelezwa.

Ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi ndogo mno, kromosomu, zenye maagizo ya kumjenga mtu. Za Bakari zilikuwa kamili, ila vipande vya nyuzi mbili vilikuwa vimebadilishana mahali tangu mimba yake ilipotungwa. Yeye hakudhurika kwa lolote. Lakini baadhi ya mbegu zake zilibeba kipande kilichozidi au kilichopungua, na mimba itokanayo na mbegu ya namna hiyo mara nyingi huharibika. Daktari alimwambia wanaweza bado kupata mtoto mzima. Hapakuwa na uzinzi, wala uchawi. Hata Bakari hakuwa na kosa katika damu yake. Kosa lilikuwa katika ile asubuhi.

Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Bakari akaomba tumpeleke kwa Zuhura. Tukampeleka kaburini, nyuma ya mikorosho ile ile. Talaka yaweza kurejewa, mwanangu. Maiti haombwi radhi.

Kwa hiyo shika haya. Tumbo ni la mmoja, mimba ni ya wawili: ikiharibika na kurudia kuharibika, nendeni hospitali pamoja, mkapimwe pamoja. Pengine daktari hataiona sababu, maana nyingi hazijulikani. Kutojua si ruhusa ya kushtaki. Na mwanamke aliyetoka kupoteza mimba apewe uji, blanketi na mtu wa kumshika mkono. Maswali yako yameze.

Mungu akujalie watoto, mwanangu. Na asipokujalia, akujalie watu watakaoketi kando yako bila kukudai jina.