Kikanyagio cha Kulia

Niliponunua pikipiki mnadani Katesh, muuzaji hakuniuliza swali hata moja, na hilo ndilo lililoanza kunitia shaka. Kwetu hata anayeuza mbuzi atakuuliza unatoka wapi na unampeleka wapi. Huyu, mwanamume wa miaka kama thelathini aliyevaa koti la mvua siku ya jua, alinipa ufunguo na kadi iliyokunjwa mara nne, akasema pikipiki ni ya ndugu yake aliyehamia Singida. Bei yenyewe ilikuwa chini. Nilipomwambia nataka kuijaribu kidogo alisema, "Jaribu," kisha akageuka kutazama barabara kama mtu anayesubiri basi.

Lakini nilikuwa naihitaji. Nilikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka tulipopunguzwa kazini, na tangu hapo nilikuwa natibu ng'ombe kwa kujitegemea, nikibeba dawa kwa baiskeli kutoka nyumbani kwangu Daudi. Milima ya kwetu na baiskeli havipatani. Mkoa wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha, kila mtu akizungumzia ofisi mpya, na maduka binafsi ya dawa za mifugo yalikuwa yanafunguliwa kila mahali. Niliona nisipopata usafiri mwaka ule, wenzangu watanimaliza.

Kabla sijafika Basotu nilishajua kuna jambo. Pikipiki ilivuta kushoto. Siyo sana, lakini ukilegeza mikono tu, inaanza kutafuta mtaro. Kiti kilikuwa kimebonyea upande mmoja, huo huo wa kushoto, na upande wa kulia sponji ilikuwa ngumu kama haijawahi kukaliwa. Na kikanyagio cha mguu wa kulia hakikuwa mahali pake. Kilikuwa kimesogezwa mbele kupita injini, kikachomelewa huko, hata mguu wangu ukabaki umenyooka kama ninasukuma mlango. Breki ya nyuma nayo ilikuwa imeongezewa kipande cha nondo ili ikifuate kikanyagio. Kila nilipotaka kufunga breki ilinibidi niitafute kwa ncha ya kiatu. Nilipofika Daudi nyonga ilikuwa inauma.

Mke wangu aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Imeanguka hii," alisema.

"Haijaanguka."

"Basi imeangusha mtu."

Nami nilikuwa nimewaza hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi nilikwangua chini ya tangi kwa ukucha. Rangi nyeusi ilitoka, na chini yake kulikuwa na nyekundu. Nilikunjua ile kadi. Rangi iliyoandikwa humo ilikuwa nyekundu.

Niliipeleka kwa fundi Mbulu mjini. Aliipima fremu kwa uzi, akalala chini, akainuka akijipangusa vumbi. "Fremu haijapinda. Hapa hakuna ajali. Ila aliyechomelea hiki kikanyagio alikuwa anajua kazi. Amechomelea kwa vipimo."

"Vipimo vya nini?"

"Sijui. Alichopima hakipo hapa."

Sikumwamini. Nikiwa njiani kurudi nilianza kujiuliza kama yeye na yule muuzaji hawajuani. Ndivyo shaka inavyofanya kazi, ukishaipa kiti hairidhiki na kimoja. Siku nilipokwenda kumtibu ng'ombe Tlawi, mzee mmoja wa kanisa alisimama akaitazama pikipiki muda mrefu, akauliza niliipata wapi. Huenda alikuwa anaipenda tu. Nilimjibu kwa mkato, na tangu siku hiyo nikawa napita njia za nyuma, mashambani, nikiisukuma penye matope, ili nisikutane na askari wa barabarani. Nilifunga blanketi kwenye kiti ili nikae sawa, likawa linateleza. Siku moja nilirudi kwa yule fundi akikate kikanyagio na kukirudisha mahali pake. Alikuwa ameshashika msumeno nikamzuia. Niliwaza kwamba ikiwa ni ya wizi, nitaonekana mimi ndiye niliyebadilisha alama.

Mwisho nilichoka kuwa mwizi wa kitu nilichokinunua. Kwenye kadi kulikuwa na jina na kijiji, upande wa Hanang, mbele ya Basotu. Nikamwambia mke wangu ninakwenda kumtafuta mwenye jina hilo. Aliniuliza nitasema nini nikikuta matanga. Nikasema nitatoa pole.

Nilifika boma lile mchana, baada ya kuuliza kwa wachungaji wawili. Kabla sijazima injini, mzee mmoja alitoka nyumbani kwa haraka, ameshika fimbo. Mguu wake wa kulia haukukunjika hata kidogo. Aliuzungusha kwa nje kila hatua, kisha akauweka chini kwa kisigino. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi amemaliza?"

Nilizima injini, nikashuka. Nyuma yake mwanamke kijana, nadhani mkwe wake, alikuwa anakamua mbuzi, akainamisha kichwa zaidi. Mzee alifika, akashika usukani, akapapasa tangi, akasogeza uso karibu.

"Rangi gani hii?"

"Nyeusi, mzee."

"Yangu ni nyekundu."

Kisha akafanya jambo lililomaliza maswali yangu yote. Alipitisha mguu wake mzima, wa kushoto, upande wa pili, akakaa akiegemea kushoto, na ule mguu wa kulia ukanyooka mbele wenyewe. Kisigino kikaangukia kwenye kile kikanyagio bila kukitafuta.

Nilijitambulisha kuwa natibu mifugo, kisha nikamweleza ukweli. Nilimwambia nimeinunua Katesh, mnadani, na nikamweleza mtu aliyeniuzia na koti lake la mvua. Hakukasirika mbele yangu. Alisema tu, "Fundi gani anakaa na pikipiki miezi mitano," kisha akamwambia yule mwanamke maneno machache kwa Kidatooga, naye akaondoka.

Muuzaji alikuja alasiri. Alikuwa mwanawe. Hakumtazama baba yake. Alizungumza na mimi, kana kwamba mimi ndiye hakimu.

"Aliipitisha katikati ya mbuzi wa jirani bila kuwaona," alisema. "Ng'ombe alimvunja mguu tangu ujana, sawa, huo alishauzoea. Lakini macho? Ungefanya nini wewe?"

"Ningemwambia," nilisema, ingawa sikuwa na hakika.

"Nilimwambia mara tatu."

Mzee alikuwa bado amekaa kwenye pikipiki. "Daktari, umelipa?"

"Nimelipa, mzee."

"Basi ni yako. Lakini mimi sijauza."

Nilitaka kumwambia kwamba maneno hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, ila niliona hata yeye analijua hilo. Tulikubaliana tuandikishane vizuri kwa mtendaji wa kata. Alikataa kwenda kwa miguu na akakataa kumfuata mwanawe. Akapanda nyuma yangu, mguu umetokeza pembeni kama mti uliobebwa vibaya, watu wakitupisha njia. Kila tulipopanda kilima alinigonga begani. "Gia," alisema. "Unaiumiza." Na kweli, nilipobadilisha, injini ilitulia. Aliniambia pia nisipigane na usukani, kwamba pikipiki haivuti kushoto bali mimi ndiye ninayelalia huko kwa sababu ya kiti.

Kwa mtendaji alitia saini taratibu, herufi kubwa kubwa, akarudisha kalamu. Mwanawe alisubiri nje. Sikujua kama nilikuwa nimeshuhudia ridhaa au kushindwa, na hadi leo sijui.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kurudi kwa fundi. Alikikata kikanyagio, akabadilisha sponji, na pikipiki ikaenda moja kwa moja. Mke wangu alikubali kuipanda, tukaenda naye kanisani Jumapili.

Miezi michache baadaye niliitwa kuchanja ndama wa mzee yule. Niliacha pikipiki kwa jirani yake, mbali kidogo, nikatembea hadi bomani na sanduku langu la dawa begani. Nilimkuta amekaa mlangoni.

"Umekuja na nini, daktari?"

"Kwa miguu, mzee."

Alinigeuzia uso.

"Suruali yako inanuka petroli," alisema, kisha akaniita tukawatazame ndama.