Maji ya Bomba kwenye Pijo ya Mama

Pijo ya mama, pikapu iliyonizidi umri, ilianza kumisi, injini ikikosa mapigo, wakati wa kiangazi. Ikiwa imesimama ilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Ikipanda mwinuko ilikohoa na kuishiwa nguvu. Mafundi watatu wa Lodwar waliiangalia. Wa kwanza alisafisha kabureta. Wa pili alibadilisha plagi zote nne. Wa tatu aliisikiliza bila kushuka kwenye pikipiki yake, akasema injini imekwisha, mama atafute mtu wa skrepu, anayenunua vyuma chakavu.

Mama alimtafuta, wakakubaliana aje Jumamosi. Hakutaka kuiuza. Ndiyo iliyombebea samaki kutoka Kalokol, na aliiendesha mwenyewe tangu baba afariki. Bila hiyo angerudi kusubiri malori, ambayo huondoka yakijaa, na samaki wake wangefika sokoni wateja wameshanunua kwa wengine. Alijipa nafasi moja: fundi Mkongomani wa Kakuma, anayesifiwa kwa magari ya zamani. Fundi huyo ni mkimbizi na hawezi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo gari ndilo lililomfuata.

Tuliondoka Alhamisi alfajiri. Mama aliendesha, mimi nikaandika kwenye daftari saa na hali ya injini. Kwa joto la huku petroli huchemka ndani ya pampu kabla ya kufika kwenye injini, na madereva wa zamani wana dawa yake: hufunga kipande cha gunia juu ya pampu na kukilowesha maji. Baba alifanya hivyo, mama akafuata. Kila injini ilipokohoa alisimama, akafungua boneti, akamimina maji ya jerikeni. Daftari langu linasema: saa mbili kasorobo, maji; saa mbili na dakika tano, inamisi zaidi. Niliandika maneno kama hayo mara nne nisijiulize lolote. Tulifika Kakuma karibu na adhuhuri.

Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye ovaroli iliyokatwa mikono. Hakushika spana.

"Ejok, mama," alisalimu kwa Kiturkana. "Hii moteri inasumbuaka wakati gani?"

"Ikisikia joto."

"Na ikisikia joto, wewe unafanyaka nini?"

"Naipea maji. Hapa, kwa gunia."

Alilitazama gunia kwa muda, kisha akatazama kilicho chini yake: distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi cheche. Akawasha injini.

"Mama, leta hiyo shuka yako. Ninataka usiku kidogo."

Alijifunika kichwa na mabega pamoja na nusu ya injini. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Wengine wanatengeneza gari na spana. Huyu anajifunika kama bibi harusi!"

"Bibi harusi anaita shahidi," alijibu fundi kutoka ndani, akanivuta mkono.

Chini ya shuka kulikuwa na giza, joto na harufu ya petroli. Macho yalipozoea niliona nyuzi za buluu zikitambaa juu ya kifuniko cha distribyuta, zikijitokeza na kupotea, na kila zilipojitokeza injini iliruka.

"Unaona? Moto inatembea inje. Kwa plagi haifike."

Alizima injini, akafungua kifuniko. Kilikuwa na ukoko mweupe nje na ndani. Aliukwangua kwa ukucha, akauonja.

"Chumvi. Maji ya wapi hii?"

"Ya bomba, nyumbani," alisema mama.

Nilielewa hapo. Baba alikuwa akijaza jerikeni mtoni Turkwel. Baada ya kufa kwake kilichimbwa kisima karibu na kwetu, kinacholisha bomba letu, na maji yake huacha weupe hata kwenye sufuria. Yalidondoka kutoka kwenye gunia, yakakauka, yakaacha chumvi. Yalipomwagwa tena, chumvi ililowa na kupitisha umeme kando. Mama alidhani ni joto, akaongeza maji.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, mama. Ni maji."

"Na maji inamwagwa na nani?"

Fundi aliigeukia kazi yake. Alisugua kifuniko kwa msasa laini, akakikausha juani, kisha akakata bati la debe la mafuta ya kupikia na kulifunga kwa waya kati ya gunia na distribyuta. Injini iliwaka ikanguruma sawasawa. Mama aliisikiliza muda mrefu, mkono ubavuni mwa gari.

Jumamosi mtu wa skrepu alifika na lori na wabebaji wawili.

"Iko wapi ile maiti?" aliniuliza.

Nilimwambia imekwenda Kalokol tangu asubuhi. Alidhani namtania, akazunguka nyuma ya nyumba kuhakikisha. Aliporudi aliomba maji ya kunywa. Nilimletea ya bomba. Akanywa kidogo, akakunja uso, akamwaga yaliyobaki.